Gari Inachemsha? Kabla Fundi Hajagusa Thamostati, Mwambie Inachemsha Wakati Gani

Gari ikianza kuchemsha wengi tunakimbilia swali moja, fundi nini kimekufa, na fundi naye ana gari nne zinamsubiri, anafungua boneti, anachungulia, anasema thamostati hiyo (kale kamlango kanakobana maji ya injini mpaka yapate moto ndo yaende kupozwa), anaitoa anaitupa pembeni, unampa chake unaondoka. Baada ya muda unarudi, anasema rejeta, ile ya mbele inayopoza maji ya injini. Unanunua rejeta, inachemsha tena, sasa anasema tufungue hedi, yani kichwa cha injini. Hapo hela ishatoka ya kutosha na hakuna mtu aliyekuuliza swali la maana kuliko yote: inachemsha WAKATI GANI? Kwenye foleni? Kwenye mlima? Ukiwa spidi kubwa? Dakika chache tu baada ya kuwasha asubuhi? Au inapandisha geji halafu inashusha yenyewe? Kila jibu hapo linaelekeza sehemu tofauti na mengine linayafuta kabisa, na hujashika hata spana.

Naongelea zaidi hizi Toyota zetu za mtumba kutoka Japan, IST, Vitz, Spacio, Premio, Noah, Harrier, maana ndo zimejaa, ila gari yoyote inayopozwa kwa maji mambo ni hayo hayo.

Kama imechemka sa hivi na uko barabarani

Zima AC, washa hita ya ndani ile ya joto mpaka mwisho na feni yake full, fungua vioo. Utatoka jasho lakini hita ndani yake kuna karejeta kadogo kanakopitisha maji yale yale ya injini, kwaiyo unaivuta joto kidogo wakati unatafuta pa kupaki. Usijidanganye kwamba utafika nayo nyumbani hivyo hivyo. Paki, zima.

Na mfuniko wa rejeta usiuguse. Mule ndani maji yanaweza kuwa yamevuka nyuzi 100 na hayajachemka kwasababu yamebanwa na presha, ukilegeza tu presha inaondoka, yote yanachemka kwa mkupuo na yanakuja usoni kwako. Tambara halisaidii kitu. Subiri nusu saa au zaidi, minya paipu kubwa ya juu kwa kitambaa, ikiwa bado ngumu kama mpira uliojaa upepo bado ina presha, subiri tena. Wale vijana wa barabarani wanaokuja mbio na dumu la maji ya baridi kumwagia injini, wazuie. Hedi ya hizi injini ni alumini, ukiipoza ghafla upande mmoja inapinda au inapata ufa, na hapo tatizo la makumi ya elfu limegeuka kuwa la malaki.

Kitu kingine ambacho kimeua injini nyingi: maji yakiisha kabisa geji inaweza ISIPANDE, au ipande kisha ishuke ukadhani imepona. Ile sensa inapima maji, na pasipo na maji inabaki inapima hewa na mvuke, inasoma chini wakati hedi inaungua. Kwaiyo ukiona geji imeshuka ghafla, injini inasikika ngumu, imekosa nguvu na kuna harufu ya kitu cha moto, usishangilie. Na Vitz na Passo nyingi hazina hata geji, zina taa ya bluu maana yake injini bado ya baridi, na nyekundu maana yake imeshachelewa. Kwa gari za hivyo kale kakifaa ka OBD kanakochomekwa chini ya dashibodi na kusoma kwenye simu ni kitu cha kununua kabla hata ya miziki. Injini nyingi za Toyota zikishapata moto zinacheza kati ya nyuzi 80 na 98 hivi, ukiona inavuka 105 na bado inapanda, tafuta pa kusimama.

Inachemsha kwenye foleni, ukitembea inashuka

Hii ndo ya Dar kabisa. Kimara kuja mjini saa moja asubuhi, AC inapuliza, geji inaanza kunyanyuka, ukipata nafasi ukatembea spidi 60 inarudi. Hapo tatizo karibu siku zote ni upepo, maji hayana kosa. Ukitembea upepo unaingia wenyewe mbele, ukisimama unategemea feni, na feni haifanyi kazi yake.

Dalili yake ya mapema watu wanaipeleka kwa fundi AC: ukitembea AC inapoa vizuri, ukisimama kwenye taa inaanza kupuliza joto. Mtu anaongezewa gesi, inakaa siku mbili, inarudi pale pale. Kondensa ya AC, ile inayopoza gesi yake, imekaa mbele ya rejeta na zinapozwa na feni zile zile, feni ikiwa dhaifu AC inalalamika kwanza, injini inafuata.

Kupima ni rahisi. Gari imepaki, washa injini, washa AC, nenda mbele uangalie. Kwenye Toyota nyingi feni inatakiwa izunguke muda si mrefu baada ya AC kuwaka. Haizunguki? Anza na fyuzi, kisha relei (kaswitchi ka umeme kanakowasha feni), kwenye boksi la fyuzi ndani ya boneti kwa kawaida kuna relei nyingine zinazofanana kabisa na ya feni, kwahiyo unaweza kubadilishana ukaona kama inawaka, hujanunua kitu. Kama fyuzi na relei nzima, chomoa soketi ya feni yenyewe uipe umeme wa betri moja kwa moja. Ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima na shida iko kwenye waya au sensa. Ikikaa kimya au inazunguka kivivu hadi unaweza kuhesabu mapanga, mota imechoka, kaboni zimeisha.

Kuna ujanja mwingine wa sensa ambao mafundi wa umeme wanaujua: kwenye Toyota nyingi ukichomoa soketi ya sensa ya joto injini ikiwa inaunguruma, kompyuta inaona imepoteza taarifa na inawasha feni moja kwa moja kujihami. Taa ya cheki injini itawaka, hilo ni la kawaida, utaifuta baadae. Feni ikiwaka hivyo, ujue waya, relei na mota ziko sawa, mtuhumiwa ni sensa.

Halafu angalia vitu vya kijinga. Lile kava la plastiki linalozunguka feni lipo? Likivunjika au fundi akaliacha gereji, feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuvuta kupitia rejeta. Mapanga yanazunguka upande sahihi? Nimeiona Spacio ambayo mota ilibadilishwa, fundi akageuza waya, feni ikawa inapuliza kwenda mbele. Gari ikitembea upepo wa barabarani unagombana na wa feni, kwenye foleni inajipulizia hewa ya moto yenyewe. Mwenye gari alikuwa ashanunua rejeta mpya. Dawa ilikuwa kugeuza waya mbili tu. Kupima shika karatasi mbele ya rejeta feni ikiwa inazunguka, inatakiwa ivutwe ing'ang'anie, ikirushwa mbali ujue.

Na ile njia ya mkato ya "feni tumeipiga dairekti", yani ukiwasha switchi tu inazunguka muda wote, inakusogeza siku ya kwanza lakini mota inachoka haraka, waya zinapata moto kama hawakuweka relei, na siku ikikata hutojua maana hujazoea kuisikia ikizima na kuwaka. Kama ni dharura sawa, fika nyumbani, halafu rekebisha.

Foleni haina shida, inachemsha mlimani au spidi kubwa

Hapa ni kinyume chake. Upepo upo wa kutosha, feni haihusiki sana. Unapanda mlima Kitonga na gari imejaa watu na mizigo, injini inatoa joto jingi kuliko kawaida na mfumo hauwezi kulibeba: maji hayazunguki ya kutosha, au rejeta imeziba ndani, au nje.

Nje ndo bure, anza huko. Kati ya kondensa na rejeta kuna uwazi mdogo, pale panajaa majani, vumbi, wadudu, mifuko ya nailoni, tope la kutoka shamba. Ukiangalia kwa mbele unaona kondensa safi unadhani poa, uchafu uko nyuma yake. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, injini ikiwa ya baridi. Ile mashine ya kuoshea gari ukiisogeza karibu inalaza zile fini nyembamba za alumini na utakuwa umeziba mwenyewe.

Ndani ndo kwenye hadithi. Gari imetoka Japan na kulanti (maji maalum ya kupozea injini) ya pinki safi, siku ya kwanza imevuja kidogo mtu akaongeza maji ya bomba, baadae ya kisima, na visima vingi vya Dar maji yake ya chumvi, Dodoma hivyo hivyo. Baada ya miaka ukifungua mfuniko unakuta rangi ya uji wa ulezi. Ile ni kutu na magadi, na vinakaa kwenye vile vijitundu vyembamba vya rejeta. Ukitaka kujua, gari ikishapata moto na kuzimwa, pitisha kiganja karibu na rejeta (usiguse, na angalia feni, kwenye baadhi ya gari inaweza kuwaka hata injini ikiwa imezimwa). Joto linatakiwa lishuke polepole kutoka linakoingia kwenda linakotokea. Ukikuta kipande cha baridi katikati ya moto, pale pameziba. Fundi rejeta anaweza kusafisha kwa dawa, ila hizi za alumini zenye matenki ya plastiki kuzifungua na kuzizibua kwa waya kama zile za zamani za shaba ni kazi ya kubahatisha, mara nyingi mpya ya kichina inakuwa na amani kuliko ya zamani iliyochokonolewa. Zingatia unene, kuna za bei rahisi nyembamba mno, weka zote mbili mezani ulinganishe na yako.

Paipu ya chini nayo ina ugonjwa wake. Hiyo ndo inanyonya maji kutoka rejeta kwenda pampu. Ikilegea kwa uzee, ukikanyaga mafuta inanyonywa inalala bapa, maji yanakata, ukiachia inarudi mviringo na fundi haoni kitu. Mwambie mtu apandishe resi hadi 3,000 hivi wewe ukiiangalia.

Wota pampu: angalia chini yake kama kuna michirizi ya pinki au nyeupe iliyokauka, kuna katundu kadogo kanakovujisha sili ikichoka. Sikiliza mlio wa kusaga, tikisa puli kama ina pleyi. Injini za 1NZ za kwenye IST pampu inazungushwa na mkanda wa nje kwaiyo mkanda ukilegea au kuchakaa na pampu inateleza. Za 3S za zamani pampu inazungushwa na taimingi belti, na ukishafungua kubadilisha belti badilisha na pampu hapo hapo, maana kazi ya kufungua ni ile ile na utailipa mara mbili.

Na kama uko kwenye mlima wenyewe na geji imeanza kunyanyuka: zima AC, punguza mwendo, rudisha gia ya chini. Dereva anaogopa resi, anang'ang'ania gia kubwa injini inagugumia, wakati pampu inazunguka kwa resi. Gia ndogo, resi ya wastani, maji yanazunguka zaidi. Ukumbuke pia ukipanda juu maji yanachemka mapema, usawa wa bahari ni nyuzi 100 ila Mbeya kwenye mita kama 1,700 maji matupu yanachemka kwenye 94 na kitu. Ndo maana gari yenye maji matupu na mfuniko mbovu inaishi vizuri Tanga halafu inakufa Nyanda za Juu.

Dakika chache tu toka umewasha asubuhi

Thamostati imegoma kufunguka, au maji hamna, au hedi gasketi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini) imekufa. Maji angalia kwanza, injini ya baridi, kwenye rejeta yenyewe na sio kwenye kile kidumu cha pembeni peke yake, kidumu kinaweza kuwa kimejaa na rejeta tupu.

Thamostati iliyogoma inajionyesha hivi: geji inapanda, paipu ya juu ya moto kweli kweli, ya chini baridi kabisa. Itoe uipime jikoni. Sufuria, maji, ifunge kwa kamba ielee isiguse chini, bandika jikoni. Za Toyota nyingi zinaanza kufunguka kwenye 80 hadi 84, yani maji yameanza kutoa vipovu vidogo pembeni lakini hayajachemka. Utaiona ile sahani ya katikati inasukumwa taratibu inaacha upenyo, maji yakichemka inatakiwa iwe wazi kabisa. Ukiitoa kwenye maji inajifunga. Kama maji yanatokota na yenyewe imekaa kimya, ni ya kutupa.

Ila ukishatupa, WEKA nyingine. Hii tabia ya kutembea bila thamostati sijui nani alituletea. "Huku joto haina kazi", "hiyo ya nchi za baridi". Hapana jamani. Bila thamostati injini haifiki joto lake ukiwa kwenye barabara ndefu, kompyuta inadhani ndo kwanza umewasha, inaendelea kumwaga mafuta mengi, ulaji unapanda, oili inachafuka mapema, injini inalika. Na kuna injini nyingi ambazo thamostati ina sahani mbili, ya pili inafunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukitoa thamostati ile njia inabaki wazi moja kwa moja, sehemu ya maji haipozwi kabisa, kwaiyo ile ile gari uliyotaka isichemke inachemka mlimani. Kifaa chenyewe ni bei ya kujaza mafuta kidogo tu.

Ukifunga, kale kajitundu kenye kakipini kanakochezacheza kakae juu, kanatoa hewa.

Geji inapanda inashuka inapanda inashuka

Hewa. Umebadilisha paipu au rejeta, ukajaza maji haraka haraka, hewa imebaki kwenye hedi. Dalili nyingine hita inapuliza baridi wakati injini ina moto, na unasikia maji yanabubujika nyuma ya dashibodi. Paki mahali penye mwinuko pua ikiwa juu, injini ya baridi, mfuniko wazi, hita kwenye joto full, washa, minyaminya paipu ya juu, ongeza taratibu mpaka vipovu viishe na feni iwake mara mbili tatu. Subaru zinasumbua zaidi kwa hili, na zile za injini ya EJ25 kabla hujasema ni hewa tu angalia hedi gasketi kwasababu zina historia.

Vipovu vikikataa kuisha, vinakuja vinakuja, shuka hapo chini kwenye alama za hedi gasketi.

Maji yanapungua na huoni yanapovujia

Hapa watu wanaogopa hedi moja kwa moja. Taratibu. Kwanza mfuniko wa rejeta, kile kidude kidogo kuliko vyote. Juu kimeandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ndo presha kinayotakiwa kuhimili. Ikilegea ile spring na mpira, maji yanatoka kwenda kwenye kidumu, kidumu kinajaa kinamwaga chini, na asubuhi hayarudi. Ukikuta paipu ya juu imenywea imebonyea injini ikiwa baridi, vali ndogo ya kurudisha maji kwenye mfuniko imeganda. Nunua mfuniko wenye namba ile ile ya mwanzo. Kuna wanaoweka wa 1.3 wakidhani ndo imara zaidi, rejeta yenye tenki la plastiki lililochoka inapasuka.

Pili zulia la mbele upande wa abiria. Likiwa limelowa, linanata na lina harufu tamu tamu, na kioo cha mbele kinaweka ukungu wenye mafuta, hita ya ndani inavuja.

Tatu, kwa wenye injini ya 2AZ ya lita 2.4, zimo kwenye Harrier, Alphard, Ipsum, Kluger: zile za miaka ya mwanzo ya 2000 zinajulikana kwa nyuzi za bolti za hedi kwenye bloku kulegea, upande wa nyuma, kule kwenye ukuta wa dashibodi ambako huoni bila kioo na tochi. Maji yanavuja pale yanakaukia kwenye injini ya moto, chini hakuna tone. Gasketi mpya peke yake haiponyi, lazima nyuzi zitobolewe upya ziwekewe zile bushi za chuma. Fundi akikwambia "nabadilisha gasketi tu" kwa hiyo injini muulize na nyuzi je.

Hedi gasketi yenyewe ina alama zake na usikubali kufungua hedi bila angalau mbili: moshi mweupe mzito wenye harufu tamu ambao hauishi hata injini ikipata moto (ule wa asubuhi unaokata ni mvuke wa kawaida), vipovu visivyoisha kwenye rejeta, paipu ya juu kuwa ngumu dakika moja mbili tu tangu uwashe injini ya baridi, injini kumisi, yani kukatakata, asubuhi kisha inatulia, oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ya mwisho chungulia kwenye dipstiki, sio chini ya mfuniko wa oili tu, gari inayotembea safari fupi fupi inaweza kuwa na utando mweupe pale kwa ajili ya unyevu. Kuna na dawa ya bluu ya kupima gesi ya injini kwenye rejeta, ikigeuka njano jibu limepatikana, gereji nzuri wanayo na inachukua dakika chache.

Ikithibitika, hedi itolewe ipelekwe kupimwa kama imepinda, iskimiwe (isawazishwe uso wake) kama inaruhusu, ipimwe na ufa kwa presha. Fundi anayetaka kutoa gasketi ya zamani na kuweka mpya pale pale chini ya mwembe bila hedi kwenda popote, anakuandalia safari ya pili. Bolti za hedi kama ni zile za kuvutika, mpya.

Dawa za kuziba rejeta, yai, binzari, sijui pilipili... vinaziba kweli, vinaziba na rejeta ya hita na vijitundu vyote vizima. Kukutoa porini sawa.

Kulanti ya kweli na maji ya rangi

Mitaani kuna madumu ya kijani na mekundu ya bei chee ambayo ni maji na rangi. Kuna kipimo cha nyumbani: mimina kidogo kwenye kikopo, kiandike vizuri, funga, weka friza usiku kucha mbali na chakula. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu inahimili mpaka chini ya nyuzi 30 hasi, friza ya nyumbani haifiki huko, kwaiyo asubuhi inakuwa bado majimaji. Ukikuta barafu ngumu yenye rangi nzuri, umenunua juisi. Kulanti ya kweli ni sumu na ni tamu, watoto na mbwa wanainywa, usiache kikopo wazi na usimwage uani.

Kazi yake kwetu haihusiani na baridi, inazuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Ile ya pinki ya Toyota inauzwa ishachanganywa, usiongeze maji. Usichanganye rangi hovyo, kama hujui iliyomo mwaga yote, suuza kwa maji yaliyosafishwa yale ya kuongezea betri, sio asidi, jaza upya.

Kama ndo unaenda kununua ya mkononi

Mwambie muuzaji unakuja asubuhi na asiiwashe. Ukifika gusa boneti, ikiwa ya moto muulize alikuwa anakimbilia wapi. Injini ya baridi inasema ukweli mwingi ambao ya moto inauficha.

Fungua rejeta: maji matupu, kutu, au mafuta yanaelea? Mchanganyiko wa pinki mzito kama maziwa ya stroberi maana yake kipozeo cha oili ya giaboksi kilichomo ndani ya rejeta kimetoboka, maji yameingia kwenye giaboksi ya otomatiki, na hapo hununui rejeta tu, unanunua na giaboksi. Mimi gari ya hivyo naiacha hata wanipunguzie vipi.

Angalia silikoni iliyojaa kwenye maungio ya hedi na nyumba ya thamostati. Bolti za hedi au za tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) zilizokwaruzwa na spana. Injini iliyooshwa inang'aa kuliko bodi, hapo sina imani. Tafuta switchi ya ajabu chini ya usukani ambayo haikuja na gari, mara nyingi ni ya feni. Ukiwasha switchi tu na feni ikaanza injini ikiwa baridi na AC imezimwa, ishapigwa dairekti, na mtu hafanyi hivyo bila sababu.

Chomeka OBD, endesha angalau nusu saa, foleni na barabara wazi, AC ikiwa imewaka. Joto likigoma kuvuka nyuzi 70 kwenye barabara wazi, thamostati haipo au imeganda ikiwa wazi. Kama haipo, swali sasa ni kwanini ilitolewa. Ukirudi zima, kaa dakika kumi ukipiga stori, sikiliza kama kidumu kinabubujika, kisha angalia chini.

Kuhusu hela, bei zinabadilika na kila duka la vipuri la Gerezani au Ilala pale Dar lina yake, ila mpangilio haubadiliki: mfuniko, fyuzi, relei, thamostati na kusafisha nje ni elfu kumi kumi hizi, mota ya feni, pampu na rejeta inaanza kunusa laki au kuzidi, hedi ni malaki kadhaa ukijumlisha skimu, gasketi, bolti, oili na ufundi, injini ya mtumba ni milioni, na kwa 2AZ iliyokwisha nyuzi wengi wanaamua hivyo tu badala ya kurekebisha. Kwaiyo muuzaji akikwambia "inachemshaga kidogo, ni thamostati tu hiyo ya elfu thelathini", mwambie aiweke basi, mrudi barabarani kesho asubuhi. Akikataa, punguza bei ya hedi nzima kwenye ofa yako na sio bei ya thamostati.